Kuchimba Mabaki ya Kale Ugenini, na Faida Yake Kwetu Uvira

Kwetu huku Uvira, mtu akionekana ameshika jembe anachimba, hakuna haja ya kumuuliza sana. Kama yuko mlimani kuelekea Mitumba, analima muhogo. Kama yuko ndani ya parseli yake, ni msingi wa nyumba ao choo. Kama amekwenda upande wa Misisi ao Kamituga, anatafuta dhahabu. Na kama watu wamesimama pembeni kimya, basi ni kaburi. Hayo ndiyo machimbo manne tunayoyajua siye tangu utoto. Katika makala haya nataka kusema juu ya machimbo ya tano, ambayo wengi wetu hatujayazoea: kuchimba ili kujua watu wa zamani waliishi namna gani. Wasomi wanaiita kazi hiyo akiolojia.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwaka huu vijana watatu wa mji wetu, wote wamemaliza masomo ya historia, wamekuja kwangu kwa nyakati mbalimbali na neno moja: namna gani mtu wa hapa anaweza kwenda kujiunga na wachimbaji wa mabaki ya kale katika nchi nyingine? Wamesikia kwamba vijana wa Ulaya na Marekani wanakuja Afrika wakati wa likizo kufanya kazi hiyo. Wananiuliza miye juu niliwahi kuifanya. Niliwajibu kwa mdomo, lakini naona heri niandike, maana ndani ya swali lao kuna lingine kubwa zaidi: ukiisha kwenda na kurudi, unatuletea nini?

Namna nilivyofika

Vita vya mwaka 1996 vilipoanza, wazazi wetu walituvusha ziwa mpaka Kigoma, kama walivyovuka maelfu ya watu wa Uvira na Fizi. Nilisoma sekondari upande ule, na baadaye Mungu akajalia nikapata nafasi chuoni Dar es Salaam. Nilichukua historia. Mwaka 2007, likizo ndefu ilipokaribia, tangazo lilibandikwa ukutani: wanatafutwa wanafunzi wa kujitolea kwa majuma sita, kwenye machimbo ya mafunzo katika kijiji kimoja cha pwani, kaskazini mwa mji. Chakula na usafiri vipo, mshahara hakuna. Niliandika jina langu. Nisiwafiche, sababu ya kwanza ilikuwa hicho chakula, kwani likizo bila chakula cha chuo ni ngumu kwa mtoto wa mkimbizi.

Tulikuwa makundi matatu pale. Siye wanafunzi wa Afrika. Vijana waliotoka Ulaya. Na wanakijiji walioajiriwa kwa siku. Kilichonishangaza kwanza ni kusikia kwamba wale wa Ulaya walilipa, tena pesa nyingi, ili wapewe nafasi ya kubeba ndoo na kuchekecha mchanga. Kwetu mtu analipwa kubeba mchanga, halipi! Lakini ndivyo ilivyo. Machimbo mengi ya mafunzo duniani yanaendeshwa kwa karo ya wanafunzi wanaokuja kujifunza. Kule Kenya, kwa mfano, shule ya uwandani ya Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana, imeendeshwa kwa miaka mingi na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na vyuo vikuu vya Marekani, na mwanafunzi anayetoka nje analipa karo kama ya chuo. Kijana wa Uvira ajue hilo mapema, asije akadhani ni ajira.

Kazi yenyewe

Siku ya kwanza hatukuchimba hata kidogo. Tulipima. Tulipiga misumari, tukavuta kamba, mpaka uwanja ukawa na miraba, kila mmoja mita mbili kwa mbili. Kila mraba ulipewa namba. Siku ya pili ndipo tulipewa mwiko, ule ule wa fundi mwashi, tukaambiwa tukwangue udongo, sentimita kumi tu, halafu tusimame. Ukimaliza zile kumi, unapima, unachora, unapiga picha, unaandika rangi ya udongo na vitu vilivyotokea. Udongo wote unapita kwenye chekeche. Kila kigae, kila mfupa wa samaki, kila ushanga unaingia ndani ya sashe yake, pamoja na karatasi ndogo yenye namba ya mraba, namba ya tabaka, tarehe na jina la mchimbaji.

Jioni tulikaa mezani kuhesabu. Mwalimu wetu alikuwa mpole katika mambo yote isipokuwa moja. Akikuta sashe haina karatasi, hata kama ndani yake mna kigae kizuri cha rangi kilichotoka Uajemi ao Uchina, alikitoa kwenye hesabu. Alisema kigae kisicho na anwani ni mchanga tu. Baadhi yetu tuliona ni ukali wa bure. Lakini katika juma la pili jambo lilianza kueleweka. Tulikuwa tunatafuta jinsi vitu vilivyolala: kipi juu, kipi chini, kipi kando ya kipi. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Ukikitoa kitu mahali pake bila kuandika, umepata kitu na umepoteza habari. Na huwezi kurudia, kwani mahali palipochimbwa hapachimbwi mara ya pili. Ni kama kitabu ambacho ukisoma ukurasa unauchoma. Basi lazima uwe umeunakili kwanza.

Nitoe mfano ambao wanafunzi wa akiolojia wa Afrika Mashariki wanafundishwa. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980, akisaidiwa pia na vijana wa kujitolea kutoka nje. Watu walijua msikiti wa mawe uliobomoka. Chini yake walikuta mabaki ya misikiti mingine midogo, mmoja chini ya mwingine, na kule chini kabisa alama za msikiti wa miti wa karne ya 8. Miti yenyewe ilikuwa imeoza zamani sana. Kilichobaki ni matundu ya nguzo, yaani maduara ya udongo wenye rangi tofauti na ule ulio kando. Mtu anayetafuta mali angepita pale na jembe bila kuona kitu. Kwa maduara yale tumejua kwamba Waislamu walikuwa wanaswali katika pwani hiyo mapema kuliko wengi walivyodhani.

Walioshika ndoo

Wale wanakijiji walioajiriwa ndio walionifundisha zaidi. Mwanzoni walikuwa wanacheka kwamba tunatafuta mali iliyozikwa na Wajerumani. Hilo nalijua, maana hata huku kwetu kila mtu akichimba pasipojulikana, watu wanasema anafuata sanduku la mzungu. Lakini mzee mmoja mvuvi, ambaye hakusoma hata darasa la saba, alikuwa akishika mfupa mdogo kwenye chekeche anasema papo hapo: huyu ni changu, huyu ni papa mdogo, huyu havuliwi hapa karibu, lazima walikwenda mbali na ngalawa. Wanafunzi wa Ulaya walikuwa na kitabu cha picha za mifupa. Mzee hakukihitaji, na walipokifungua walikuta amesema kweli. Vilevile alijua kwa kidole udongo umebadilika wapi, kabla ya jicho kuona.

Niliuliza: jina la mzee huyu litaandikwa wapi? Nilijibiwa kwamba litakuwa katika shukrani, mwisho wa taarifa. Sikuridhika, na hata leo sijaridhika. Wasomaji wengi hapa wamesikia jina la Leakey. Wangapi wamesikia jina la Kamoya Kimeu? Huyu alikuwa Mkenya, Mkamba, alianza kufanya kazi na akina Leakey karibu mwaka 1960 kama kibarua, bila digrii yoyote. Mwaka 1984, huko Nariokotome magharibi ya Ziwa Turkana, yeye ndiye aliyeona kipande cha kwanza cha fuvu kati ya kokoto, kipande chenye rangi ileile ya kokoto. Kikafuatiwa na karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi miaka kama milioni moja na nusu iliyopita. Dunia nzima inamjua kijana huyo kwa jina la Turkana. Kamoya alikufa mwaka 2022, baada ya kutunukiwa heshima kadhaa, lakini kwa miaka mingi watu walisoma habari za vitu alivyoviona bila kujua jicho lilikuwa la nani. Kwa hiyo ninawaambia vijana wetu: mukienda, andikeni majina. Majina ya wote, pamoja na la mama anayepika.

Jambo lingine lilitokea katika juma la nne. Mraba wa pembeni ulionyesha udongo uliochanganyika, na chini yake mfupa wa mguu wa mtu, umelala vizuri. Kazi ilisimama. Waliitwa wazee wa kijiji na imamu. Walikaa chini ya mwembe wakazungumza muda mrefu. Mwanafunzi mmoja alikuwa na hamu tuendelee, akisema kaburi lile huenda lina miaka mia nne ao mia tano, hakuna ndugu wa marehemu aliye hai. Mzee mmoja akamjibu kwa upole: “Huyu hajapotea, amelala. Aliyelala haamshwi kwa kuulizwa alikula nini.” Tulichora pale tulipofikia, tukaandika, tukafukia. Imamu akasoma dua. Kesho yake tulihamia mraba mwingine. Hakuna aliyesema kwamba sayansi imepata hasara. Tulijua kaburi liko wapi na limeelekea upande gani, na hiyo nayo ni habari.

Swali la mjomba

Niliporudi Uvira mwaka 2010, mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliniita nikae naye barazani. Akaniuliza: “Weye mutoto wa dada yangu, nasikia kule walikufundisha kufukua batu. Mukikuta mutu ndani ya udongo, munamufanya nini?” Nilimweleza habari ya mraba ule na ya imamu. Akanyamaza. Kisha akasema: “Basi hao walikuwa na adabu.” Hakuuliza tena.

Swali lake si la ujinga. Wazee wa mwambao huu wa magharibi wana sababu ya kuogopa watu wanaokusanya mifupa. Mwaka 1884, kusini ya kwetu, upande wa Mpala, watu wa Émile Storms, luteni wa Kibelgiji, walimuua sultani wa Watabwa aitwaye Lusinga wakamkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji likawekwa pamoja na mafuvu mengine katika makusanyo ya sayansi huko Brussels. Kuanzia mwaka 2018 habari hiyo ilizungumzwa tena sana katika magazeti ya Ubelgiji. Yule alikuwa mtu mwenye jina, mwenye ukoo, mwenye kijiji, na alihesabiwa kama kitu cha makumbusho. Machimbo ya adabu ni kitu kingine kabisa, lakini kijana anayekwenda kujitolea lazima ajue historia hiyo, ili aweze kutambua akiwa katikati ya kazi: hapa tuko katika kusoma, ao tuko katika kuchukua?

Hata katika machimbo ya kisayansi swali hilo linabaki. Kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika Katanga, Jacques Nenquin mwaka 1957, Jean Hiernaux mwaka 1958, na baadaye Pierre de Maret katika miaka ya 1970, walichimba makaburi ya zaidi ya miaka elfu moja. Walikuta vyungu vizuri, mapambo ya shaba na misalaba ya shaba iliyotumiwa kama pesa. Kwa makaburi yale tunajua kwamba kabla ya mzungu yeyote kufika, Congo ilikuwa na mafundi, biashara na watawala. Ni faida kubwa, watoto wetu wanaisoma shuleni. Lakini ni faida iliyotoka kaburini, na ninaona ni haki mwanafunzi ajue mambo yote mawili kwa pamoja. Vilevile ule mfupa wa Ishango wenye mistari ya kuhesabu, aliouchimba Jean de Heinzelin mwaka 1950 kando ya Ziwa Edward, una umri wa miaka kama 20,000. Uko Brussels, na Mkongomani anayetaka kuuona aombe viza.

Udongo wetu umesema nini mpaka sasa

Watu wananiambia: sawa, lakini hizo ni habari za Katanga, za Kenya, za pwani. Siye huku tuna nini? Tutazame pande zote za ziwa letu. Kusini kabisa, kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, Desmond Clark alianza kazi mwaka 1953. Mwaka 2023 timu ya Larry Barham ilitangaza kwamba pale pale yalikutwa magogo mawili yaliyochongwa yakaunganishwa kwa mkono wa mtu, na umri wake ni miaka kama 476,000. Mashariki, kule Uvinza, John Sutton na Andrew Roberts walichimba mwaka 1967 kwenye chemchemi za chumvi, wakathibitisha kwamba watu walipika chumvi pale zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ng'ambo ya Rusizi, katika Burundi na Rwanda, na vilevile huku Kivu, vimepatikana vyungu vya aina inayoitwa Urewe, ambavyo vingine vina kishimo kidogo chini ya kitako, kama mtu alibonyeza kwa kidole gumba. Pamoja navyo, mahali pengi, kuna tanuru za kuyeyushia chuma za zaidi ya miaka elfu mbili.

Na hapa katikati, Uvira? Burton na Speke walifika hapa mwaka 1858, wakarudi bila kuuona mdomo wa Rusizi. Livingstone na Stanley walifika kwenye mdomo huo mwaka 1871, wakaona kwamba mto unaingia ziwani, hautoki. Hao waliandika juu ya maji na biashara, udongo hawakuugusa. Kwa hiyo tumezungukwa na kurasa zilizosomwa, na ukurasa wetu haujafunguliwa vizuri.

Tena tuna wasomaji, ila hatuwaiti hivyo. Siku moja nilimwonyesha shangazi yangu vipande vitatu vya nyungu vilivyotoka kwenye msingi wa jirani. Hakuvaa hata miwani. Alivigusa ukingo, akasema: hiki mdomo wake mpana, kina masizi nje, walipikia, hiki mdomo mwembamba, hakina masizi, ni cha maji, na hiki kimechomwa vibaya upande mmoja, aliyefanya alikuwa anajifunza ao mvua ilimkuta. Niliketi majuma sita kule pwani kufundishwa hayo. Shangazi aliyajua kwa kupika na kuchota. Tangu masufuria yaje, wanaojua hivyo wanapungua, na wakiisha, vipande vitabaki bila mtu wa kuvisemea.

Mfano mzuri wa kuunganisha wazee na mwiko uko Tanzania, katika Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria. Peter Schmidt alipofika kijiji cha Katuruka mwishoni mwa miaka ya 1960, alikaa kwanza na wazee. Walimpa hadithi za mfalme Rugomora Mahe na za mahali paitwapo Kaiija, ambapo, kwa masimulizi yao, chuma kilifuliwa zamani. Ndipo alipochimba mahali walipomwonyesha, akakuta kweli mabaki ya ufuaji chuma, ya zamani za zaidi ya miaka elfu mbili. Mwaka 1976 wazee waliokuwa wamewahi kuyeyusha chuma ujanani walijenga tena tanuru na mivukuto, wakaonyesha namna kazi ilivyofanyika. Kumbe masimulizi yalikuwa ramani. Na miaka mingi baadaye, kuanzia 2008, wanakijiji wenyewe ndio walioomba urithi wao uhifadhiwe pale pale kijijini.

Haraka iliyopo

Ningeweza kusema tungoje amani iwe kamili, tungoje pesa, tungoje watafiti. Lakini ziwa halingoji. Mwezi wa nne mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabeba nyumba na watu wetu. Kuanzia miaka ile maji ya ziwa yalipanda, na mwaka 2024 yalipanda tena mpaka Kalundu na Kavimvira watu wakahama nyumba zao. Tulihesabu nyumba, kama ilivyotupasa. Hakuna aliyehesabu kingo za udongo zilizomegwa. Mimi nilitembea kwenye ufuko mmoja kusini ya Kalundu baada ya maji kushuka kidogo. Katika ukingo uliokatwa na mawimbi, kama mita moja chini ya nyasi, kulikuwa na mstari mweusi wa majivu, na ndani ya mstari vipande vya nyungu na mifupa ya samaki. Niliweka biki pembeni ili ukubwa uonekane, nikapiga picha, nikaandika mahali, tarehe na kina. Sikutoa hata kimoja. Miezi mitano baadaye nilirudi, ukingo haukuwepo.

Huko Kilwa, Tanzania, mahali palipoandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, bahari nayo ilikuwa inakula magofu. Walijenga kuta za kuzuia mawimbi, wakapanda mikoko, na mwaka 2014 Kilwa na Songo Mnara ziliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Walifaulu juu walikuwa wanajua kuna nini pale. Kisichojulikana hakina wa kukitetea.

Basi, kwa vijana wanaotaka kwenda, shauri langu ni hili. La kwanza, tafuteni njia kupitia vyuo, si kupitia watu wanaoomba pesa ya “fomu” sokoni. Tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala viko karibu nasi kuliko Ulaya, na lugha munayo. Andikieni idara inayofundisha akiolojia, ulizeni ni lini wanapeleka wanafunzi uwandani, na kama kuna nafasi isiyo na karo. La pili, kabla ya kukubali, ulizeni mambo matatu: nani ametoa ruhusa ya kuchimba, vitu vitakaa wapi, na taarifa itaandikwa kwa lugha gani. Asiyetaka kujibu hayo, usimbebee ndoo. La tatu, mukirudi musichimbe. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya mali za utamaduni inadai ruhusa ya serikali, na hata bila sheria, mwiko mmoja bila maabara na bila ghala ni hasara.

Ninyi mutakaorudi, na siye tusiokwenda popote, tuna kazi isiyohitaji mwiko. Hapa Uvira tuna kituo cha utafiti wa ziwa ambako samaki wanapimwa na kuandikwa tangu zamani. Vipande vya nyungu navyo vinaweza kuandikwa, angalau ndani ya kaye moja ya chama chetu: mahali, tarehe, kina, picha, na maneno ya mzee aliyeviona. Anayechimba msingi wa nyumba akikuta majivu ao mavi ya chuma, aite mtu aandike kabla ya kumwaga simenti. Nusu saa inatosha.

Mwezi wa sita mvua inakuwa imekwisha na ziwa linaanza kushuka. Ndio wakati mzuri wa kutembea kwenye mwalo, kuanzia Kalundu mpaka Makobola. Chukua kaye na biki. Na kama nyumbani kuna mama mzee ambaye miguu yake bado inaweza, mwombe mwende naye, yeye atangulie.